Jumamosi ya Rumba, Jumapili ya Jibu

Wiki iliyopita niliwaacha kando ya mto Mkondoa, mimi nikiwa juu ya jiwe na pikipiki yangu ikibebwa na maji, ikiendelea na safari bila mimi. Haijapatikana. Wanaonipigia simu kutoka Kimamba kusema wameiona ikipakia abiria wanatania, na wawili kati yao nawajua kwa sauti.

Kwa anayeanza kusoma leo: naitwa Amon, mpima ardhi wa hapa Kilosa. Nina shahada, nina vyombo vyangu vya kazi, sina mke. Viwili vya kwanza nilivipata kwa kufuata utaratibu. Nikadhani na cha tatu kinapatikana hivyohivyo.

Mwanamke mwenyewe anaitwa Yusta, mwalimu wa shule ya msingi kule Kimamba. Nilikwenda kupima kiwanja cha shule yao, mkuu wa shule akamtoa yeye anishikie ncha ya pili ya futi kamba. Nimeshikiwa kamba na wenyeviti wa vijiji na mgambo wenye sare. Hakuna aliyewahi kuikaza namna ile.

Tukaongea. Tukaendelea kwa simu. Masika yalipoanza nikamwambia nataka kumwoa.

"Njoo nyumbani useme," akanijibu.

Sikwenda. Nilituma mshenga, kwa sababu kwetu mwoaji hajipeleki. Na kuhusu mama mkwe sheria ni kali zaidi: humpi mkono, huli mbele yake, humtazami usoni. Ukimwona anakuja njiani unachepuka kichakani, na kadiri unavyochomwa na miiba ndivyo unavyosifiwa adabu. Kwa hiyo nilikuwa sijawahi kumwona mama yake Yusta, na nilijivunia jambo hilo.

Mshenga kwa kawaida ni mtu mzima aliyeoa, baba mdogo au mjomba. Baba zangu wadogo wapo milimani Mamboya, na kila mmoja akisimama kusema anaanzia pale ukoo ulipovuka mto wa kwanza. Nilitaka mtu wa kusema kwa ufupi na kwa usahihi. Nikamchagua rafiki yangu Yared, tuliyeketi naye dawati moja sekondari.

Yared hajaoa. Kazi yake ni kusherehesha harusi za wengine. Ndiyo, mnaruhusiwa kuisoma aya iliyotangulia mara ya pili.

Alikwenda Kimamba mara tatu kubisha hodi kwa mdomo. Barua ya posa ingefuata wakishakubali. Kila aliporudi nilimuuliza wamesemaje, naye alinijibu, "Mambo yanakwenda vizuri mno." Mtu wa kazi yangu alipaswa kulipima lile neno la mwisho.

Sasa twende.

Shule zilipofungwa mwezi wa sita, Yared alikuja ofisini kwangu na kigari chake, kile anachobebea maspika.

"Amon, umekauka. Twende jijini wikiendi hii, wawili tu, kama zamani."

"Jiji gani?"

"Mikumi."

Mikumi si jiji. Ni mji mdogo uliojinyoosha pembeni mwa barabara kuu, malori ya Zambia yanapumzika hapo, watalii wanapita kwenda kuwatazama twiga na twiga wanawatazama watalii. Lakini kwa anayetoka kwetu, mji wowote unaouza chipsi usiku kucha ni jiji.

"Kuna nini huko?"

"Muziki, kaka! Wa jukwaani, siyo wa simu. Jumamosi mchana bonanza, bendi ya dansi kutoka Morogoro. Jumapili tamasha la kwaya, na Kimamba wanaimba." Akashusha sauti. "Na familia ya Yusta wamesema jibu watalitoa palepale Mikumi, baada ya tamasha. Msemaji wao ni yule mjomba mkubwa, Mzee Bonifas. Anaishi huko, na mguu wake mbaya, hasafiri."

Hapo nikaweka kalamu chini.

"Kwa hiyo Jumapili najua kama naoa au sioi."

"Unajua kila kitu."

"Mama mkwe anafika lini?"

"Jumapili asubuhi, na basi la kwaya."

"Una uhakika?"

"Amon! Mimi si ndiye mshenga wako?"

Hilo halikuwa jibu. Nililiona kuwa si jibu, nikapanda gari hata hivyo.

Njia ya kwenda Mikumi inapita kata ya Ulaya. Kila mtu wa Kilosa ana utani wake kuhusu jina hilo, na wote ni utani mmoja. Yared aliusema tulipoingia Ulaya, akausema tena tulipotoka, akampigia simu mtu wa Dar es Salaam kumwambia ametoka Ulaya muda huu. Alikuwa anaongea bila kupumua. Mara mbili alianza, "Amon, kuna jambo dogo," na mara mbili akamalizia kwa bei ya maharage.

Bonanza lilikuwa nyuma ya baa moja karibu na stendi, ukumbi wa wazi, paa la makuti, viti vya plastiki. Bendi ilikuwa na wapiga gitaa watatu na mwimbaji mnene aliyevaa suti nyeupe. Aliimba habari za mwanamume aliyeachwa kituo cha basi. Wimbo ulikuwa mrefu kuliko safari yoyote ambayo basi hilo lingeweza kwenda.

Nikakiri moyoni kwamba magitaa yalikuwa yamepangwa vizuri. Moja lilisema, la pili likajibu, la tatu likakaa pembeni likicheka. Yared akaagiza mishikaki.

"Unaona? Umeanza kutikisa mguu," akasema. "Nilijua ukifurahi kidogo tutaweza kuongea. Amon, kuna jambo..."

Alikuwa anatazama mlangoni. Kisha akainama chini ya meza.

"Umeangusha nini?"

"Kifungo."

Alikuwa amevaa fulana.

Mlangoni walikuwa wameingia wanawake wawili watu wazima. Mmoja alikwenda moja kwa moja kaunta. Mwenzake, aliyevaa gauni la kijani na miwani ya jua, alisimama katikati ya ukumbi akapima watu kwa macho kama mnunuzi wa mbuzi. Nilipogeuka Yared hakuwepo tena chini ya meza. Alikuwa anatembea kwa kujikunja kuelekea msalani, mkono mmoja tumboni, uso ukutani.

Mimi huamini ushahidi. Mtu anakula mishikaki, anajikunja, anakimbilia msalani. Nikahitimisha: nyama. Nikamtuma mhudumu duka la dawa.

Yule mwanamke wa kijani akaja mpaka kwenye meza yangu.

"Mbona umekaa kama mgeni msibani?"

"Shikamoo, mama," nikasema, nikisimama kwa heshima.

"Hiyo shikamoo niwekee mpaka kesho kanisani. Leo nimeacha utu uzima getini. Unacheza?"

"Sijui kucheza."

"Nani kakuuliza unajua? Nimeuliza unacheza."

Akanishika mkono. Nilikwenda. Ningemkatalia mtu mzima mbele za watu, mngekuwa wa kwanza kunisema.

Tukacheza. Baada ya muda akaangua kicheko.

"Unahesabu!"

"Nahesabu nini?"

"Midomo inatembea. Moja mbili tatu nne. Wewe ni mwalimu wa chekechea?"

"Mpima ardhi."

"Basi acha kupima, shika kiuno. Kipo hapohapo, hakijahama."

Nikashika kiuno. Naliandika jambo hili waziwazi kwa sababu mbeleni mtu ataliandika vibaya zaidi. Nilikishika kwa mikono miwili, wimbo wa kwanza hadi wa tatu, na kwenye wa tatu mwimbaji mnene alitunyooshea kidole akasema kwenye kipaza sauti, "Waoneni wale, wanafundisha!" Watu wakapiga makofi. Nikaongeza madoido. Ndiyo, mimi.

Katikati ya mzunguko mmoja nikamwona Yared nyuma ya spika kubwa la kushoto. Amechuchumaa, ameshusha kofia mpaka puani. Mama wa kijani akigeukia kushoto, kofia inazama. Akigeukia kulia, kofia inachomoza. Tumbo, nikasema moyoni. Linamsumbua kwa mawimbi.

Tulipochoka tukakaa. Akavua miwani, akajifuta jasho kwa ncha ya kitenge alichokuwa amekitia kwenye mkoba.

"Niite Magreti. Huko nyumbani ni Mama Cleopa, huyo kijana wangu wa kwanza, yuko Dodoma. Lakini hapa Mama Cleopa hajafika. Umenielewa?"

"Nimekuelewa. Nyumbani ni wapi?"

"Kimamba."

Nikashtuka kidogo, kisha nikajituliza. Kimamba ina watu wengi.

"Umekuja kwa ajili ya muziki huu?"

"Huu?" Akacheka akaziba mdomo. "Mimi ni mlezi wa kwaya, mwanangu. Mzee wangu mwenyewe ni mzee wa kanisa. Nimewaambia vijana nawatangulia siku moja nikakague malazi yao. Malazi nimeyakagua, yana kuta. Mzee wangu anakuja kesho na basi. Akisikia niko hapa, nitarudishwa kwetu na umri huu."

"Hatasikia kwangu."

"Najua. Una uso wa mtu asiyesema kitu." Akanywa soda yake. "Halafu kesho tuna shughuli. Tunatoa jibu la posa ya binti yetu."

Magitaa yaliendelea. Mimi niliacha kuyasikia.

"Binti... anaitwa nani?"

"Yusta. Mwalimu. Mbona umesimama?"

Nilikuwa nimesimama, kweli. Nilikuwa nimerudi nyuma mpaka kiti kikaanguka. Mikono yangu niliitazama kama mali ya mtu mwingine. Mtu aliyejivunia kutomwona mama mkwe hata kwa mbali alikuwa ametoka kumzungusha mbele ya bendi nzima, na kupongezwa kwa kipaza sauti.

"Una nini wewe? Nyama?"

"Mama... kuhusu huyo mkwe..."

"Ee, tena usiangalie haraka." Akainama karibu nami, mimi nikainama mbali naye. "Mwenyewe yumo humuhumu. Anadhani sijamwona. Tazama nyuma ya lile spika, mwenye kofia. Tangu nilipoingia ananikimbia. Msalani, chini ya meza, nyuma ya ngoma. Kijana ana adabu huyo! Siku hizi utampata wapi mwingine anayemwogopa mama mkwe kiasi hicho?"

Nikatazama nyuma ya spika. Kofia ikachomoza.

Ndipo ushahidi wote ukajipanga upya, na haukuhitaji nyama hata kidogo.

"Yule," nikasema, "ndiye mkwe wenu?"

"Yared. Mwaka huu wote ni Yared tu nyumbani kwetu. Na wewe mmekaa naye meza moja, nimewaona. Alituambia siku ya jibu atakuja na mtu wake wa kumsemea." Akanitazama juu mpaka chini, akaridhika. "Kumbe mshenga ndiye wewe! Unacheza vibaya, lakini unasikiliza. Kesho basi."

Akavaa miwani, akarudi uwanjani.

Nilimkuta Yared nje, ameegemea gari lake, mkononi ameshika kile kipakiti cha dawa ya kuharisha ambacho mhudumu alikuwa amempa. Jua lilikuwa bado juu ya milima.

"Kunywa," nikamwambia. "Utaihitaji."

"Amon, nilikuwa nataka kukuambia."

"Uliniambia bei ya maharage."

"Sikiliza. Siku ya kwanza nilibisha hodi, mama akafungua. Kabla sijatoa salamu akasema, 'Karibu mkwe.' Unaona? Kabla! Wakaniona kijana, sijaoa, nimekuja peke yangu, nimevaa suti yangu ya kazi. Wangenidhania nini? Wewe ndiye uliyekataa kumtuma baba mdogo."

"Ungewaambia hapohapo."

"Mama akakimbia kujificha chumbani, kwa heshima ya mkwe. Nani nimwambie? Akaja kuku. Nikasema nitasahihisha baada ya kuku."

"Na baada ya kuku?"

"Wewe umewahi kula kuku mzima wa watu halafu ukawaambia hakuwa wako?"

Swali lilikuwa na mantiki, na hilo liliniudhi zaidi.

"Siku ya pili mzee akanipeleka kunionyesha shamba. Anashika bega langu, Amon, anasema wanawe wa kiume wako mbali. Siku ya tatu nilikwenda kabisa kumaliza jambo hili. Nikakuta wamemwita bibi kutoka milimani, akaniombea. Kwa Kikaguru! Dakika ngapi sijui, analia."

"Kwa hiyo ukasema amina."

"Nikasema amina." Akakunja kile kipakiti. "Ndiyo maana nikakuleta kwenye muziki. Nilitaka ukiwa umefurahi nikuambie, halafu Jumapili tuingie pamoja, mimi niseme mwenye haja ni huyu. Nikajua mama anafika kesho. Nani angejua yule mama anapenda rumba?"

Nikauliza swali ambalo nilipaswa kuanza nalo.

"Na Yusta?"

Yared akatazama malori barabarani.

"Yusta anajua kwamba kwao wanakuhesabu wewe kuwa mkwe?"

"Anajua."

"Alisemaje?"

"Alicheka."

"Baada ya kucheka?"

"Alinipakulia tena."

Nilimpigia Yusta simu mara moja. Haikupokelewa. Baadaye ukaja ujumbe: "Tuko mazoezini. Kesho utasema mwenyewe, si umekuja?" Niliusoma kutoka kila upande. Sikuweza kupata mpaka wake.

Jumapili uwanja wa kanisa ulikuwa umefunikwa maturubai. Kwaya zikapanda jukwaani moja baada ya nyingine, za vinanda na za ngoma. Mshereheshaji alikuwa mtu wa hovyo, na Yared, pamoja na hali aliyokuwa nayo, aliteseka kitaaluma kila mtu huyo alipofungua mdomo.

Kimamba wakaingia na sare za zambarau. Yusta alisimama mstari wa mbele upande wa sauti ya pili. Nilimsikia. Sina maelezo ya kitaalamu. Kulikuwa na watu zaidi ya thelathini wanaimba na mimi nilimsikia mmoja.

Kwenye viti vya wageni alikaa mlezi wa kwaya: kitenge mpaka kisigino, kilemba, Biblia mapajani, uso mtakatifu. Pembeni yake mzee wake, Mzee Mathayo, mtu mrefu mkimya. Macho yangu na ya mlezi yalikutana mara moja. Akafungua Biblia katikati, popote.

Baada ya tamasha tukaitwa kwenye darasa la watoto nyuma ya kanisa. Mzee Bonifas alikuwa amekaa, mguu wake mbaya juu ya dawati. Mzee Mathayo kulia kwake. Mama kwenye kona, ametugeuzia mgongo, kitenge kichwani. Yared hakuingia. Kwa adabu ileile iliyomletea sifa, alichuchumaa nje chini ya dirisha. Nikaachwa mimi, katikati ya darasa, kwenye kiti cha chekechea. Magoti yalinifika kidevuni.

"Shikamooni, wazee."

"Marahaba. Wewe ndiye mshenga wa Yared?" akauliza Mzee Bonifas.

Ningejibu, lakini Yusta aliingia, bado na sare ya kwaya, akapiga magoti karibu na baba yake.

"Mwanangu," akasema Mzee Mathayo, "wageni hawa unawafahamu?"

"Nawafahamu, baba."

"Tuwapokee, au tuwarudishe walikotoka?"

Hiyo ndiyo desturi. Msichana anaulizwa, anajibu ndiyo au hapana, watu wanapiga vigelegele au wanatafuta viatu vyao. Hakuna njia ya tatu. Yusta akaitafuta akaipata.

"Kabla sijajibu, baba, naomba mshenga aseme mbele yenu anamsemea nani."

Kule kwenye kona mgongo wa mama ukakakamaa.

Nilikuwa na majibu matatu, nikayapima. Nikisema Yared, nimemkabidhi Yusta kwa mkono wangu. Nikisema tumeghairi, nimemwaibisha mbele ya mjomba. Nikisema ukweli, basi mama huyu jana alishikwa kiuno na mkwewe, na akigundua mzee wake, hatanisamehe mtu yeyote humu ndani. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa na data zote na hazikunisaidia.

"Najisemea mwenyewe," nikasema. "Mwoaji ni mimi. Yared nilimtuma."

Kwenye kona kulisikika sauti kama ya mtu aliyemeza kijiko. Mama akavuta kitenge mpaka kikafunika uso wote, akageukia ukuta kabisa, paji la uso likagusa chati ya irabu.

Mzee Mathayo akanitazama kwa mara ya kwanza.

"Uliyemtuma alikuja mara tatu. Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilifuata utaratibu, mzee."

"Utaratibu tunao sisi," akasema Mzee Bonifas. "Unasema mwoaji haji kuposa. Hausemi atume kijana mwenzake ambaye hajaoa, aje peke yake, ale kuku wa watu, aombewe na bibi. Huo umeutoa chuo gani?"

Kutoka chini ya dirisha mtu akakohoa.

"Na wewe ingia!" Mzee Bonifas akafoka. "Mama wa watu ameshajifunika, utamkimbia mpaka lini?"

Yared akaingia, kofia mkononi. Tukasimama sambamba kama watoto waliovunja dirisha.

"Haya, Yusta," akasema Mzee Bonifas. "Tulikuwa na mmoja, sasa wako wawili. Sema."

Yusta akasimama. Alinitazama mimi, akamtazama Yared, bila haraka.

"Mjomba, huyu alitumwa, akasahau kurudi. Huyu alituma, akasahau kuja. Nilipoona baba anamwita Yared mkwe nilicheka, nikasema ngoja nione Amon atakuja lini kudai chake. Nikangoja masika yote." Akanigeukia. "Ungekuja hata siku moja, hata kwa kukosea njia."

"Yusta, nili..."

"Na Yared alikuja hata siku ambazo barabara ilikatika. Sisemi haikuwa kitu."

Yared akanyanyua kichwa. Nilimwona. Hakuwa anaogopa tena, na hapo nikatambua kwamba kuku hakuwa sababu pekee ya yeye kunyamaza.

"Leo simchukui aliyetumwa wala aliyetuma," akasema Yusta. "Nimepanga kwenda Tindiga kwa shangazi, mpunga umekomaa na vibarua hawatoshi. Naondoka na gari la mwinjilisti sasa hivi. Anayenitaka mimi, siyo jibu langu, aje anikute shambani na mundu wake. Mjomba, kosa langu mtanisamehe."

Mzee Bonifas akaushusha mguu wake mbaya kutoka kwenye dawati.

"Mimi nilitaka jambo liishe kabla ya chai," akasema. "Basi. Kikao kimefungwa bila jibu."

Yusta akatoka. Mzee Mathayo akamfuata, hakunipa mkono wala hakuninyima. Mzee Bonifas akasaidiwa na watu wa nje. Nikabaki nimesimama pale, nikipanga cha kumwambia Yared. Nilitaka kianze na ukweli wa mambo, kifuate mlolongo, kimalizikie kwenye lawama.

Nilipogeuka nikiwa tayari, Yared hakuwepo.

Nikaenda dirishani. Kigari chake kilikuwa kinarudi nyuma kati ya maturubai, maspika yakigongana ndani, mtoto mmoja wa kwaya akiruka kando. Kikapata barabara. Hakikukata upande wa mji. Kilikata upande wa Kilosa, kwenye njia ya kwenda Tindiga, na mkono wa dereva ulikuwa unafunga vifungo vya shati.

Mimi pikipiki sina. Mnajua iko wapi.

Nilikuwa nimeshika fremu ya dirisha, nawaza nimtafute mwenye bodaboda au kwanza niwapigie baba zangu wadogo Mamboya kuomba ushauri, niliposikia mtu anapumua. Mama alikuwa bado kwenye kona. Hakugeuka. Hakunitazama. Aliongea na ukuta, kitenge usoni, kama mama mkwe anavyoongea akilazimika kabisa.

"Wewe mtu," akasema, "unasubiri utaratibu gani tena?"